Toa Wote, Weka Nne

Kila asubuhi, mkewe akishatoka kwenda kupiga pasi nguo za watu, Fundi alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaketi ukingoni mwa kitanda cha bintiye, akakishika kiputo kwa vidole viwili. Kiputo chenyewe kilikuwa kidogo, hakijai hata kiganja cha mtoto, nacho kilining'inia kwenye uzi wa plastiki wenye tundu, uliotoka kwenye mrija wa kupumulia wa shingoni. Puto hasa lilikuwa ndani, limeuzunguka mrija kooni ili mate ya mtoto yasitiririkie mapafuni. La ndani huwezi kuliona. Hiki cha nje ndicho kinachotoa habari zake: kikilegea, ujue na la ndani limelegea.

Ukutani, juu ya mashine ya kunyonya makohozi, palibandikwa karatasi waliyopewa na nesi siku waliyoruhusiwa kutoka wodini. Iliandikwa kwa kalamu ya wino mzito: TOA WOTE. WEKA 4. Yaani utoe upepo wote kwa sirinji, halafu ndipo uweke mililita nne. Fundi alikuwa na miaka kumi na saba katika kazi ya kuziba pancha na kujaza upepo, na maneno hayo aliyaelewa nusu. Weka nne, sawa. Lakini toa wote? Hakuna fundi mwenye akili timamu anayemaliza upepo wa tairi zima ili aongeze ule kidogo uliopungua. Unabonyeza, unasikilizia, unaongeza. Na ukitoa wote mtoto akiwa amelala na mate yake mdomoni, si unamzamisha mwenyewe kwa mkono wako? Hakumuuliza mtu. Katika ugonjwa huu mzima, ambao mkewe alijua majina ya dawa zote na saa zake, upepo ndio ulikuwa kitu kimoja alichokijua yeye.

"Lete pampu, msaidizi," alisema.

Bintiye akampa sirinji. Alikuwa na miaka saba, na majirani walimwita Chiriku tangu alipojifunza kusema, kwa sababu alikuwa akiongea kuanzia jua linapochomoza mpaka usingizi unapomkata katikati ya sentensi. Halafu ikaja ile homa, mishipa ikalegea, akakaa miezi mitatu kwenye mashine ya kupumulia. Sasa alitembea, alicheza, alikasirika kama zamani, ila hewa iliingia na kutoka shingoni na sauti haikuwepo. Chakula kilipita kwenye mpira wa puani. Miezi sita nyumbani, na hajaonja hata chumvi.

Fundi akasukuma kidogo, akabonyeza. Chiriku naye akabonyeza kwa vidole vyake viwili, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na hakukubali kunyang'anywa. Akatikisa kichwa: bado. Fundi akaongeza. Chiriku akabonyeza tena, akatafakari kama mkaguzi, halafu akainua dole gumba.

"Gumu?"

Dole gumba likapanda juu zaidi. Wakapeana mkono kama mafundi wawili waliomaliza kazi.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya Alhamisi, na Alhamisi hiyo haikuwa kama nyingine. Kliniki walikuwa wamepata kizibo cha kusemea. Wiki mbili kabla, mama yake alikwenda shuleni kumwombea nafasi, na mwalimu mkuu akamsikiliza kwa adabu zote, kalamu ikiwa mkononi, kisha akasema, "Mama, mimi sina ubaya na mtoto. Lakini akibanwa darasani atamwitaje mwalimu? Watoto ni hamsini na mbili. Mlete akiwa na sauti, hata ya kunong'ona. Nafasi yake naiweka mpaka mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki siku tisa.

Mama alirudi mapema kutoka kwa dobi akiwa bado na alama ya mvuke kwenye mkono. Mwenye duka alimruhusu, lakini mbele ya wateja: "Nenda, nenda. Mwezi huu umekuwa mgeni hapa. Ukija tena nitakukaribisha kiti." Wateja wakacheka. Alimwambia mumewe habari hiyo huku akimvalisha Chiriku gauni, kwa sauti ya kawaida kabisa, na Fundi akakunja taulo lililokuwa limeshakunjwa.

*

Kwenye benchi la kliniki watu wanajua kusogea bila kuonekana wanasogea. Mashine ya kunyonya ilipowashwa na kuanza kukoroma, mama mmoja mwenye kikapu alijivuta pembeni, halafu akashindwa kuvumilia.

"Samahani dada, hiyo huwa inaambukiza?"

"Inawaambukiza wenye maswali," alijibu mama Chiriku, wala hakumtazama.

Chiriku akacheka. Kicheko chake kilikuwa mabega tu yanayotikisika na pumzi inayofoka kwenye mrija, ila mama yake alikijua, na kwa dakika chache benchi lile likawa jepesi.

Waliyekuja kumwona alikuwa mtaalamu wa kumeza na kusema, mama mnene mwenye viatu vya raba, ambaye wazazi pale kliniki walimwita Mama Kijiko kwa sababu mfuko wa koti lake ulijaa vijiko vya plastiki. Alikuwa na tabia ya kuzungumza na mtoto kwanza na wazazi baadaye.

"Nimesikia wewe ni Chiriku. Leo nataka nione kama jina ni la haki au umepewa bure."

Chiriku akachezesha midomo. Mama Kijiko akamgeukia mama.

"Anasema atakuchosha," mama akatafsiri. Midomo ya mwanawe aliisoma kama watu wengine wanavyosoma tangazo ukutani.

Mama Kijiko akamnyonya mtoto makohozi, akachomeka sirinji kwenye kiputo na kuanza kuvuta, huku akihesabu kwa sauti ili mtoto ahesabu naye kwa vidole. Moja, mbili, tatu, nne. Sirinji haikugoma. Tano. Sita. Chiriku alihamia mkono wa pili kwa furaha. Ilipofika tisa ndipo ikakwama. Mama Kijiko aliinua sirinji kuelekea dirishani, akaitazama kwa muda.

"Nyumbani anayeshughulikia puto ni nani?"

"Tunafuata karatasi, daktari," mama akajibu upesi, kwa fahari kidogo. "Tumeibandika ukutani, hata mgeni akiingia anaiona."

"Karatasi inasema ngapi?"

"Nne."

Fundi alikuwa akiangalia picha ya koo iliyopakwa rangi nyekundu na bluu ukutani. Aliiangalia kwa makini ya mtu anayetaka kuinunua. Mama Kijiko akaandika kitu kwenye faili.

Kisha akatoa kizibo chenyewe. Kilikuwa kidogo, cha rangi ya zambarau, chepesi hata usingeamini kwamba watu walikisubiri miezi miwili.

"Akivuta hewa kinafunguka, akitoa kinajifunga. Hewa ikikosa mlango hapa shingoni, inapanda juu, inapita kwenye sauti, inatokea mdomoni."

"Ni valvu," alisema Fundi. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

"Enhe. Baba umeelewa kuliko wanafunzi wangu."

Akakichomeka. Kifua cha Chiriku kikapanda, hewa ikaingia. "Sasa toa. Sema aaa." Mdomo ukafunguka. Hakikutoka kitu. Kifua kikapanda tena juu ya pale kilipokuwa, na hakikushuka. Mabega yakainuka, macho yakamtoka, mkono ukaenda shingoni. Kabla mama hajasimama, Mama Kijiko alikuwa ameshakichomoa kizibo, na hewa yote iliyokuwa imenaswa ikafumuka nje kwa mshindo kama ya tairi linalong'olewa valvu.

Walijaribu mara ya pili, wamemkalisha wima zaidi. Mara ya tatu walimwacha mtoto akishike kizibo mwenyewe, akitoe akitaka. Alikitoa. Kisha akakirudisha bila kuambiwa na mtu, akafumba macho na kusukuma kwa nguvu zote mpaka shingo ikasimama mishipa, na mama yake akageuka kutazama mlango.

"Inatosha, binti yangu," alisema Mama Kijiko.

"Kwa nini mnaacha? Hajazoea tu."

"Si kuzoea, mama. Hewa haina pa kupita. Juu ya mrija pamebana. Daktari wa koo itabidi aangalie kwa kamera."

Huyu mama mnene alikuwa mtu mzuri, na pengine kwa sababu hiyo hakuwaacha waondoke mikono mitupu. Alitoa kikombe cha mtindi, akautia rangi ya bluu ili, kama utaingia njia ya kifua, waone bluu kwenye mashine. Akaweka nusu kijiko kwenye ulimi wa Chiriku. Mtoto aliufunga mdomo, akabaki ameduwaa. Alikuwa amesahau kwamba vitu vina ladha. Koo likapanda, likashuka. Wakanyonya kwenye mrija: makohozi meupe. Kijiko cha pili, meupe. Cha tatu, akakohoa kidogo, lakini meupe.

Midomo ya bluu ikachezacheza.

"Anataka tena," alisema mama, na hapo ndipo alipolia.

"Kumeza tumeanza," alisema Mama Kijiko. "Vijiko vitano, mara tatu kwa siku, amekaa wima, puto likiwa tupu. Usiku mnaweka upepo." Akamgeukia Fundi, si mkewe. "Nne, baba. Na kabla ya nne, unatoa wote. Mrija huwa unapoteza upepo kidogo, lakini hujui ni kiasi gani. Ukiongeza juu ya uliopo, unaongeza gizani."

"Ndiyo, daktari."

*

Banda la Fundi lilikuwa la bati tatu na nguzo nne, lenye kompresa, beseni la maji machafu na rundo la tyubu kuukuu. Siku ya pili yake, asubuhi, alikuja muuza mayai na baiskeli yake, amekasirika.

"Fundi, tairi hili nimelinunua juzi tu. Tazama lilivyokwisha. Wamenipiga, au siyo?"

Fundi akalizungusha, akapitisha kidole. Pembeni mistari ilikuwa mipya kabisa. Katikati palikuwa laini, peupe, nyuzi zimeanza kuchungulia.

"Hawajakupiga. Umezidisha upepo," alisema, na maneno yakaendelea yenyewe, maana alikuwa ameyasema kwa watu mia. "Nyinyi mkitaka baiskeli iende mbio mnajaza mpaka linakuwa jiwe. Upepo ukizidi tairi halipasuki siku hiyo, ndiyo maana hamuamini. Linavimba katikati, linasugua hapo hapo, siku baada ya siku, linaliwa polepole na wewe unaona kila kitu ni sa..."

Kidole chake kilikuwa bado juu ya nyuzi.

"Na mimi naona kila kitu ni sawa, halafu?" aliuliza muuza mayai.

"Halafu basi."

"Fundi, unaumwa?"

"Acha baiskeli. Njoo saa nane."

Muuza mayai alipoondoka, Fundi aliketi kwenye tairi la lori na kuitazama mikono yake. Alipiga hesabu. Miezi sita, asubuhi moja moja, kidogo juu ya kidogo. Alijua ndani ya koo la mwanawe kukoje kabla ya daktari yeyote kuangalia, na alijua kwamba hatamwambia mkewe leo. Kesho pia hakumwambia, wala Jumapili. Nyumbani alitoa wote, akaweka nne, na Chiriku alipokuja kubonyeza akamwambia msaidizi yuko likizo. Mtoto alinuna. Mama alikuwa akisaga ndizi za vile vijiko vitano, akiimba kwa sauti ya chini, kwa sababu mwanawe alikuwa anakula.

*

Jumatatu daktari wa koo, mwanamume kijana mwenye macho ya usingizi, alipitisha kamera nyembamba na kuwageuzia kioo ili nao waone. Mahali palipotakiwa kuwa na njia pana palikuwa na duara la kovu jeupe, na katikati yake tundu ambalo huwezi kupitisha hata njiti ya kiberiti.

"Hapa ndipo sauti inapokwama. Ukuta wa koo ulikandamizwa muda mrefu, ukachubuka, ukaota kovu."

"Ulikandamizwa na nini?" aliuliza mama.

"Na puto. Presha ikizidi damu haifiki kwenye ngozi ya ndani."

"Imezidi lini?"

"Siwezi kujua, mama. Alikaa kwenye mashine miezi mitatu, yaweza kuwa ilianzia hapa hapa wodini. Yaweza kuwa baadaye. Yaweza kuwa vyote."

"Na linatibika?"

"Kuna upasuaji wa kupanua. Sisi hatuufanyi. Wanaoufanya wana foleni ndefu, na mtoto mwenyewe inabidi akue kwanza." Akaona jinsi mama alivyomkodolea macho, akaongeza, "Sitakudanganya kwa kukutajia mwaka."

Fundi alilishika lile neno, wodini, kama mtu aliyeteleza anavyoshika chochote. Huenda kweli. Daktari mwenyewe amesema. Nani wa kumbishia daktari? Na mkewe naye alikuwa amelishika neno hilo hilo, ila kwa mkono mwingine.

"Ni yule nesi," alisema walipofika koridoni. "Yule mdogo. Mwezi uliopita tulipokuja alimjaza upepo, nakumbuka. Na ndiye aliyetufundisha amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Ofisi ya metroni iko wapi?"

"Mama Chiriku, tuachane na haya. Twende nyumbani."

"Twende nyumbani tukafanye nini? Tukae tumwangalie?" Hakupandisha sauti. "Mtoto wangu amefungwa mdomo na mtu, na mtu huyo anapokea mshahara. Wewe mwenzangu huna uchungu?"

Fundi alifungua mdomo. Koridoni palikuwa na watu wengi. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa, na tusimcheke, kwa sababu wengi wetu tumewahi kujipa sababu za namna hiyo. Akamshika Chiriku mkono na kumfuata mkewe.

*

Metroni, mkuu wa manesi, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, na meza iliyojaa mafaili ya watu wengine. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaagiza nesi aitwe.

Nesi aliingia akijifuta mikono. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na alipomwona Chiriku alitabasamu kwanza, kabla ya kuona sura za watu wazima.

"Huyu mama anasema ulimzidishia mtoto upepo," alisema metroni. "Faili linasema Alhamisi zilitoka mililita tisa. Tisa. Nawe bado uko kwenye muda wa majaribio, unajua hilo."

"Niliweka nne, metroni. Nilitoa wote nikaweka nne. Ndivyo nilivyowaandikia."

"Karatasi tunayo, na tunaifuata," alisema mama. "Kwa hiyo hizo tano zimetoka wapi? Mbinguni?"

"Mama, naapa."

"Usiniapie. Mwapie huyu, atakusikia. Kujibu ndiyo hawezi."

Machozi yakaanza kumtiririka yule binti, naye akayaacha. Alimtazama Fundi, kwa sababu siku ile ya kufundishwa Fundi ndiye aliyeshika sirinji mbele yake. Fundi akatazama sakafu. Ilikuwa sakafu ya saruji iliyopigwa rangi nyekundu, yenye ufa mmoja kutoka mlangoni hadi kwenye mguu wa meza.

Metroni alivua miwani. Alikuwa ameshafanya kazi hii miaka mingi na alitaka kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Akainama kuelekea kwa mtoto.

"Eti mrembo, nyumbani anayekuwekea upepo ni nani?"

Chiriku alifurahi. Tangu asubuhi watu walikuwa wanazungumza juu ya kichwa chake, na hatimaye kuna swali ambalo jibu lake lilikuwa la mkononi. Akamwonyesha baba yake kwa kidole.

"Anakuwekaje? Hebu nionyeshe."

Mtoto akajiweka sawa kwenye kiti. Akakishika kiputo kwa vidole viwili, akabonyeza, akatikisa kichwa. Akashika sirinji isiyokuwepo, akasukuma. Akabonyeza, akatikisa kichwa. Akasukuma tena. Akabonyeza kwa makini, akatafakari, kisha akainua dole gumba na kumgeukia baba yake, akicheka kwa mabega, amemnyooshea mkono wapeane.

Hakuwa ameonyesha kutoa hata mara moja. Watu wanne wazima waliliona hilo.

"Ndivyo?" metroni alimuuliza Fundi.

"Ndivyo," alisema Fundi. "Naongeza tu. Sijawahi kutoa. Nilidhani... kazi yangu ni upepo. Nilibonyeza, nikaona kimelegea, nikaongeza. Kila siku." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilisikika vizuri. "Nesi hana kosa. Nimejua tangu Ijumaa."

Mkono wa mtoto ulikuwa bado hewani. Fundi akaushika.

Mama alipogeuka, alimgeukia yule binti. "Nisamehe, mwanangu."

"Ningewaonyesha mara mbili," alisema nesi. "Siku ile nilikuwa na wagonjwa thelathini."

"Sasa mwonyeshe mara tatu," alisema metroni, akivaa miwani, "hapa hapa, nikiona, ili niandike kwamba familia imeelimishwa upya. Na baba aseme kwa sauti."

Basi Fundi, mtu wa miaka arobaini na moja, mwenye banda lake, alipiga magoti mbele ya kiti kama mwanafunzi aliyerudia darasa. Alivuta sirinji mpaka ikagoma. "Nimetoa wote." "Sijasikia." "Nimetoa wote." Akasukuma. "Nne." Mara ya pili. Mara ya tatu. Kila alipofika nne vidole vyake vilikisikia kiputo kimelegea, kinyonge, laini kama ndewe ya sikio, na mwili wake wote ukamwambia bado, ongeza, tairi hili halifiki popote. Chiriku akanyoosha mkono kukagua. Akabonyeza. Akatikisa kichwa kwa nguvu, akamwonyesha baba yake sirinji: bado, ongeza.

"Imetosha," alisema Fundi.

Akatikisa tena.

"Imetosha, mama. Hivi ndivyo inavyotakiwa."

Metroni akaandika, akagonga muhuri, akafunga faili.

*

Nje ya geti jua lilikuwa la utosini. Mama alitangulia hatua mbili, mashine ya kunyonya ikiwa imemwelemea begani, na Fundi alipotaka kuipokea akabadilisha bega. Hapakuwa na mahali pa kwenda kushtaki tena. Siku zilikuwa zimebaki tano kufika mwisho wa mwezi, na mama alikuwa akijipanga kimoyomoyo jinsi atakavyomweleza mwalimu mkuu, akatunga sentensi, akaifuta, akatunga nyingine, na zote ziliishia kwenye mlango wa ofisi.

Kuhusu mumewe hakuwa ametunga chochote. Angemchukia kama angejua pa kuanzia. Aliwaza zile asubuhi zote alizowaacha wawili hawa wakichekeana, akaenda kazini moyo mweupe, akijisifu kwamba mtoto yuko kwenye mikono ya mtu anayempenda. Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, na hakuwa na mtu wa kumlaumu kwalo.

Chiriku alikuwa katikati yao. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akamvuta mama yake gauni, akainua uso na kuchezesha midomo, polepole, kwa ufasaha.

Mama akasimama.

"Anasemaje?" aliuliza Fundi.

Mtoto akarudia, safari hii akiwa amemgeukia baba yake, naye Fundi aliitazama ile midomo kwa bidii yote, akaona imefunguka, imefumba, imefunguka, na hakupata hata neno moja.

"Mama Chiriku, nakuomba. Anasemaje?"

"Anauliza kama amemjibu yule mama vizuri."

Magari yalipita. Mtu mmoja aliyebeba godoro aliwaomba njia, wakampisha.

"Mwambie..." Fundi alianza.

"Ana masikio. Mwambie mwenyewe."

Fundi akachuchumaa barabarani, uso wake ukalingana na wa mtoto, kiputo kikiwa mbele ya macho yake.

"Umejibu vizuri, mama," alisema. "Umejibu vizuri sana."